Kabla Umcheke Shosho Anayeogopa Kutolewa Damu

Wasee, kuna swali moja ambalo kila Mkenya aliyewahi kukalia benchi la maabara amejiuliza kimoyomoyo: hii damu yote inaenda wapi?

Unaenda hospitali na homa tu. Daktari anaandika vitu kwa ule mwandiko wao, unatumwa chumba cha pili, unaambiwa ukunje mkono wa shati. Mtu ambaye hujui jina lake anapanga vichupa vitatu, vinne, vyenye vifuniko vya rangi tofauti. Unaangalia cha kwanza kikijaa, cha pili, cha tatu. Hakuna anayesema kitu. Mwisho unapewa pamba na maneno mawili: "Ngoja nje."

Ukiwa umemsindikiza shosho, hapo ndipo anakunong'onezea ati hawa watu wanauza damu. Na sisi watoto wa intaneti tunacheka. Wengine hata wanamrekodi na kumweka TikTok.

Leo nataka kumtetea shosho. Simaanishi kwamba damu yake inauzwa. Haiuzwi, na huko chini nitakuonyesha kwa nini damu ya kipimo haina soko. Ninachosema ni kwamba hofu yake haikutoka hewani. Ina tarehe, ina majina, ina mitaa ambayo unaipita na matatu kila siku. Na ukiijua historia yenyewe, utajua pia kitu cha kudai siku yako ya kukunja shati ikifika.

Mimi si daktari. Chuo niliachia mwaka wa pili, kwa hivyo usinitafutie digrii ya historia pia. Lakini vitabu havimwulizi mtu cheti mlangoni, na hii story iko kwenye vitabu.

Mumiani na wazimamoto

Tuanzie Pwani. Neno "mumiani" ni la zamani kwenye Kiswahili na lina asili ya Kiajemi. Ni ndugu wa lile neno ambalo Wazungu hutumia kuitia maiti zilizokaushwa za Misri. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kama dawa nyeusi inayofanana na utomvu, ambayo watu wengi waliamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Baadaye neno likahama. Kutoka kwa dawa likawa jina la watu wanaoitafuta hiyo damu. Mumiani akawa mtu: anatembea usiku, anateka mtu aliye peke yake, anamfyonza.

Nairobi na upande wa Nyanza jina likawa lingine: wazimamoto. Ndiyo, wale wale wa gari jekundu. Mwanahistoria Mmarekani Luise White alizunguka magharibi mwa Kenya na Uganda miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 akiwahoji wazee, na mwaka 2000 akatoa kitabu kizima kuhusu hadithi hizi, Speaking with Vampires. Wazee walimsimulia kuhusu wazimamoto waliokamata watu usiku, mashimo ambamo watu walifungiwa, na damu iliyopelekwa kwa Wazungu. Uganda waliitwa kwa jina linalofanana na hilo, Tanganyika walikuwa mumiani, na huko Kongo na Zambia ya leo kulikuwa na majina mengine. Kutoka nchi hadi nchi, katika enzi hizo za ukoloni, watu ambao hawakuwahi kukutana walisimulia kitu kimoja.

Sasa, jibu la haraka ni kusema wazee walikuwa washamba. White hakwenda huko. Hakusema hadithi ni za kweli, wala hakuzitupa. Aliuliza: kwa nini watu walichagua kuuelezea utawala wa kikoloni kwa lugha ya damu? Fikiria mtu wa 1925. Serikali imemchukulia shamba. Imemchukulia kaka yake ikampeleka kubeba mizigo kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, na hakurudi. Imemvika kipande shingoni chenye alama za vidole vyake. Inamtoza kodi ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Halafu usiku linapita gari jekundu lenye mipira mirefu, mbio, na watu waliovaa mavazi ya ajabu, na hakuna aliyemweleza linafanya kazi gani. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Kitu kinachokunyonya mchana si ajabu kukiota usiku kikiwa na sindano.

Na damu walichukua kweli

Hapa ndipo story inakuwa nzito, kwa sababu sindano hazikuwa za hadithi pekee.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulivamia kingo za Ziwa Victoria. Watu zaidi ya laki mbili walikufa, wengi wao upande wa Uganda. Mwaka 1902 London ilituma wanasayansi Entebbe, na daktari Mwitaliano anayeitwa Aldo Castellani akaona vijidudu ndani ya maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. David Bruce alifuata mwaka 1903 na kuthibitisha kwamba mbung'o ndiye anayesambaza. Sayansi kubwa sana hiyo. Lakini jiulize ilifanywaje: kwa kuchoma migongo ya watu, tezi za shingo na vidole vyao, kijiji baada ya kijiji. Mwaka 1906 Mjerumani Robert Koch alipiga kambi visiwa vya Sese na dawa inayoitwa atoksili. Baadhi ya wagonjwa waliodungwa dozi kubwa walipofuka. Hakuna aliyekuwa ametia sahihi popote, kwa sababu karatasi ya kusaini haikuwepo.

Ukija Kenya, kulikuwa na uchunguzi wa John Gilks, mkuu wa idara ya matibabu ya koloni, na John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Scotland. Walipima maelfu ya Wamaasai na Wakikuyu: urefu, uzito, meno, mifupa, na upungufu wa damu. Ripoti ilichapishwa London mwaka 1931. Ilisaidia wataalamu wa dunia kufikiria upya uhusiano wa chakula na afya. Sasa mwulize yule mama wa Kiambu aliyepimwa: jibu lake lilikuwa wapi? Lilikuwa London, kwa Kiingereza, kwenye jedwali, bila jina lake.

Hicho ndicho kitu nataka ukishike mpaka mwisho. Uchungu wa sindano ni wa sekunde tatu. Kilichowauma watu kwa miaka ni kwamba damu ilitoka na jibu halikurudi.

Sindano iliyopendwa

Ushahidi wangu ni huu. Miaka ile ile ya 1920, hadithi za wazimamoto zikiwa moto, kulikuwa na sindano ambayo Wakenya waliipigia foleni. Ilikuwa ya ugonjwa wa buba.

Buba ilikuwa inatoboa ngozi za watoto na watu wazima, vidonda vya kutisha. Idara ya matibabu ikaanza kampeni ya kudunga watu dawa, na vidonda vilikauka ndani ya siku chache mbele ya macho ya kijiji kizima. Habari zikaenea. Watu walitembea mwendo mrefu kuja kudungwa. Ilifika mahali sindano yenyewe ikapata sifa, hata mgonjwa wa kitu kingine kabisa alitaka adungwe ndiyo aamini ametibiwa. Mpaka leo, si unamjua mjomba ambaye akipewa tembe anasema hajatibiwa?

Kwa hivyo babu zetu hawakuogopa chuma. Sindano inayoingiza kitu na kukuponya waliifuata wenyewe. Sindano inayotoa kitu na kunyamaza waliikimbia. Hiyo si imani ya giza, hiyo ni hesabu. Ulitoa, ukapata nini?

Pumwani mara mbili

Kuna mtaa mmoja Nairobi ambao hii historia ilipita mara mbili: Pumwani.

Mkoloni aliupanga mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mahali pa Waafrika kuishi mjini chini ya macho yake. Ndani ya Pumwani, Majengo, kuliishi wanawake waliojitegemea, wenye nyumba zao, wengine wakiuza mapenzi, na hadithi za mjini ziliwahusisha wanawake hao na wazimamoto: ati ukilala kwa fulani, hutaamka. Hadithi za damu ziliwaandama wanawake wasio na mume.

Miaka 60 hivi baadaye, mwaka 1985, mtaa huo huo ukaanza kutoa damu kweli. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada walianza kufuatilia afya ya wanawake wanaouza mapenzi Majengo. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini alikuwa ameripotiwa mwaka 1984, na kipimo cha virusi kilikuwa ndiyo kimetoka. Wengi wa wanawake hao walikutwa tayari wana virusi. Lakini watafiti waliona kitu cha ajabu: wachache, mwaka baada ya mwaka, waliendelea kupimwa na hawana. Miili yao ilikuwa inajua kitu ambacho sayansi haikujua.

Damu ya Majengo ikawa maarufu duniani. Mwaka 2001 majaribio ya chanjo yaliyojengwa juu ya maarifa hayo yalianza Nairobi kwa ushirikiano na Oxford. Chanjo haikufaulu. Ila wanawake wale waliendelea kunyoosha mikono, miaka na miaka.

Kwa nini wao hawakukimbia? Sehemu kubwa ya jibu ni Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi Mkenya aliyeketi nao chini, kwa lugha yao, akaeleza, akawapanga kwa vikundi, akahakikisha kliniki inawatibu magonjwa mengine na kuwapa kondomu. Baadaye zikaja ARV. Unaweza kubishana, na mimi nabishana, kama walichorudishiwa kinalingana na walichotoa. Makaratasi ya kisayansi yalikuwa mengi na nyumba za Majengo bado ni za mabati. Lakini angalau kulikuwa na mtu wa kuulizwa, na alijibu.

Miaka ambayo jibu halikuja

Sehemu nyingine za nchi hazikuwa na bahati hiyo. Kuanzia mwaka 1990 serikali ilifuatilia kuenea kwa virusi kupitia kliniki za wajawazito. Mama alitolewa damu ya kupima kaswende. Iliyobaki iliondolewa jina, ikapimwa virusi, na tokeo likaingia kwenye hesabu ya taifa. Mama hakuambiwa, na hata wangetaka kumwambia wasingeweza, kwa sababu jina lilikuwa limefutwa. Wataalamu wa dunia nzima walifanya hivyo wakati huo, na sababu walikuwa nazo: dawa hazikuwepo, unyanyapaa ulikuwa unaua. Naielewa. Lakini iangalie kutoka kiti cha yule mama. Nchi ilijua idadi. Yeye hakujua hali yake.

Ndiyo maana hadithi hazikufa na ukoloni. Watafiti waliofanya kazi Nyanza miaka ya 1990 walikutana na watoto na wazazi wakiogopa "kachinja", mnyonya damu mpya wa gari la utafiti. Kilifi, ambako KEMRI ilianza kazi na washirika wake wa Uingereza mwaka 1989, wazazi waliuliza wazi: mbona damu ni nyingi hivi, na mnaipeleka wapi? Na sifa kwa Kilifi, kwa sababu baada ya muda taasisi iliacha kuliona swali hilo kama ushamba. Ilianza kukaa na wanakijiji, kuwaeleza na kuwasikiliza.

Halafu mwaka 1999 Rais Moi alitangaza Ukimwi janga la kitaifa, na miaka miwili mbele vituo vya ushauri na kupimwa kwa hiari, VCT, vikaanza kusambaa. Angalia VCT ilibadilisha nini. Si sindano pekee iliyobadilika, ingawa tone la kidole lilitosha. Kilichobadilika ni mpangilio wa chumba. Kabla ya kukutoboa, mtu anakaa nawe, anakueleza, anakuuliza kama uko tayari. Damu haiondoki mbele yako. Unakaa dakika chache, jibu linasomwa, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Matokeo? Mwaka 2007 uchunguzi wa kitaifa ulikuta zaidi ya 8 kati ya kila watu wazima 10 wenye virusi hawakujua wanavyo. Uchunguzi wa mwaka 2018 ulikuta kinyume: karibu 8 kati ya 10 walijua. Ndani ya miaka 11! Ni Wakenya wale wale, wajukuu wa watu wa mumiani. ARV kupatikana bure ilisaidia sana. Ila hakuna ARV inayoanza bila mtu kukubali kutobolewa, na watu walikubali jibu lilipoanza kurudi.

Na usiniambie ati tunaogopa kutoa damu kwa asili. Bomu lilipolipuka Nairobi Agosti 1998 na kuua zaidi ya watu 200, Wakenya walipanga foleni kutoa. Westgate mwaka 2013, foleni tena. Tukijua ni ya nini, mkono tunanyoosha wenyewe.

Sasa wewe, siku yako

Basi wacha nikupe kile ambacho yule wa "ngoja nje" hakukupa.

Kwanza, kabla hujaenda, uliza kama unafaa kufunga kula. Vipimo vya sukari ya asubuhi na vingine vya mafuta mwilini huhitaji kufunga, mara nyingi saa 8 hadi 12. Maji kunywa, yanasaidia hata mshipa kuonekana. Chai ngoja, hata ya mkandaa. Dawa zako za kawaida usiache mpaka daktari akuambie.

Ukifika, utaulizwa jina. Litaje kamili hata kama wanalo, kwa sababu kosa baya zaidi la maabara ni damu ya mtu mmoja kwenye jina la mwingine. Utafungwa mpira juu ya kiwiko ili mshipa ujae. Utapanguswa na spiriti. Sindano inafaa kutoka kwenye pakiti iliyofungwa, na una haki ya kuiona ikifunguliwa. Zamani sindano zilikuwa za kioo na chuma, zikichemshwa na kutumika kwa mtu mwingine. Hofu ya enzi hizo ilikuwa halali. Leo ni moja kwa mtu mmoja, halafu inatupwa kwenye sanduku lake. Utasikia mchomo, kisha kuvutwa kidogo. Kutoka kufungwa mpira hadi pamba, ni dakika chache.

Mbona vichupa vingi? Kwa sababu kila kifuniko kina kazi yake. Ndani ya kile cha zambarau kuna kemikali ya kuzuia damu isigande, ili chembe zihesabiwe zikiwa nzima. Hicho ndicho kitasema kama una upungufu wa damu. Chekundu au cha njano kinaiacha igande, halafu maji ya juu yapimwe figo, ini na homoni. Cha buluu kinapima jinsi damu yako inavyoganda, na lazima kijae mpaka kwenye mstari. Cha kijivu ni cha sukari, kina kitu cha kuzuia chembe za damu zisiendelee kuila hiyo sukari kichupani. Hata mpangilio wao una maana: kemikali ya zambarau ikipenya kwenye chekundu, itaonyesha potasiamu nyingi ambayo huna.

Ni damu kiasi gani? Kichupa cha mtu mzima kwa kawaida ni kama mililita 3 hadi 5. Kijiko cha chai ni 5. Vichupa vinne havizidi vijiko vinne vya chai, na mtu mzima ana kama lita 5 mwilini. Anayetoa damu ya kumwongezea mgonjwa hutoa kama mililita 450, na anatoka akitembea. Inaonekana nyingi kwa sababu ni nyekundu na ni yako.

Ukiwa mtu wa kuzimia, sema mapema, watakulaza. Si aibu, ni mwili kushusha presha ghafla ukiona damu, na wanaume wenye misuli huanguka pia. Baadaye bonyeza pamba dakika chache bila kukunja mkono. Ukipata alama nyeusi, itaisha siku chache. Ikivimba sana au mkono ukifa ganzi, rudi.

Na sasa lile swali: inaenda wapi? Mashine inahitaji kidogo tu. Inayobaki huwekwa baridi kwa muda mfupi, ili kipimo kikirudiwa usitobolewe tena, halafu inaharibiwa kama taka hatari. Haiwezi kuongezewa mtu. Ni kidogo mno, ina kemikali za kichupa, na haikukusanywa kwa mfuko safi wa kuongezea damu. Mnunuzi wa vijiko vinne vya damu iliyochanganywa na dawa hayupo.

Dai jibu

Historia hii imetuachia haki, na hatuzitumii. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya 2006 inakataza mtu kulazimishwa kipimo cha virusi ili apate kazi au aoe. Katiba ya 2010 inalinda faragha yako kwenye kifungu cha 31. Sheria ya Afya ya 2017 inasema uelezwe hali yako na ukubali kabla ya kufanyiwa chochote, labda iwe dharura. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya yako kuwa nyeti. Na mahakama imeshatumia nguvu hiyo: mwaka 2015 Ikulu iliagiza majina ya wanafunzi wenye virusi yakusanywe, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo hilo linakiuka Katiba.

Kwa hivyo uliza. Unapima nini? Ni kwa nini? Jibu linatoka lini, na nani atanieleza? Ni kipimo changu tu, au kuna utafiti ndani yake? Ikiwa ni utafiti, fomu yake iko wapi? Hayo si maswali ya kiburi. Ni maswali ambayo mtu wa Sese mwaka 1906 hakupewa nafasi ya kuyauliza, na mama wa kliniki mwaka 1990 hakujua anafaa kuyauliza.

Na nyinyi wa maabara mnaosoma hii, najua foleni ni ndefu, mko wawili na wagonjwa ni 80. Lakini sentensi moja haimalizi siku: "Mama, hivi ni vijiko vitatu, tunaangalia figo na sukari, jibu ni saa nane kwa daktari." Mmeshinda mumiani kwa sekunde kumi.

Ukimpeleka mzee wako kupimwa wiki hii, usimwambie aache ujinga. Keti naye, mweleze vifuniko, na msibanduke hapo mpaka mtu awasomee ile karatasi, mstari kwa mstari, kwa lugha anayoielewa. Damu ni yake. Jibu pia ni lake.

Tuma hii kwa yule wa familia anayekwepa kipimo tangu Disemba. Unamjua.